Mjadala: Kasoro ya gemu ipunguziwe alama, au ielezwe inamuumiza nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Kila gemu kubwa likitoka ugomvi ni ule ule: wengine wanasema alama 9 kati ya 10 ni nyingi, wengine wanasema 7 ni matusi. Hakuna anayeuliza kasoro zenyewe zimeelezwa vipi. Nataka tulijadili hilo.

Mwaka 2014 IGN, tovuti ya habari za gemu, walitoa rivyu, yaani uhakiki, ya Pokémon Omega Ruby na Alpha Sapphire za Nintendo 3DS, wakazipa 7.8. Chini, kwenye orodha ya mabaya, kuliandikwa kwamba maji yamezidi. Watu wakacheka, na mpaka leo wanacheka: eti gemu lenye bahari limepunguziwa alama kwa sababu lina maji. Lakini aliyecheza Hoenn, nchi ya ndani ya gemu hizo, anajua kilichomaanishwa. Nusu ya pili ya safari ni bahari tupu. Huendi popote bila Surf, mbinu ya kusafiri juu ya maji, baadaye Dive ya kuzamia, baadaye Waterfall ya kupanda maporomoko. Pokémon mmoja, yaani kiumbe unayemlea na kupigana naye, anabeba mbinu nne tu, na mbinu hizi za njiani ukishamfundisha huwezi kuzifuta hivi hivi, mpaka umfuate mtu wa kuzifuta kule mji wa Lilycove. Kwa hiyo timu uliyoilea tangu mwanzo inabidi uibomoe ili upate nafasi ya Pokémon wa maji, utake usitake. Ukiwa majini unasimamishwa na Pokémon wa porini kila baada ya mwendo mfupi: Tentacool, Wingull, Tentacool tena. Mwenye timu ya moto na mawe anateseka, maana maji huwashinda. Mwenye Pokémon wa umeme anapita bila shida.

Kwa hiyo lalamiko lilikuwa na mantiki, na ndani ya maandishi lilielezwa. Lilikuja kuharibika lilipobanwa kuwa maneno machache chini ya alama, na hayo machache ndiyo yaliyosomwa na dunia nzima.

Sasa tazameni mfano wa pili. Desemba 2020, siku chache kabla Cyberpunk 2077 haijaingia sokoni, Liana Ruppert wa jarida la gemu la Game Informer aliandika onyo kwa watu wenye kifafa. Yeye mwenyewe alipatwa na kifafa akiwa analicheza. Hakuishia kusema "gemu lina mwanga mkali". Alitaja sehemu zenyewe: baa zenye taa za kumetameta, na hasa ile braindance, ambapo mhusika anavalishwa kifaa kinachomulika machoni mfululizo. Msomaji mwenye kifafa akajua wapi pa kugeuza uso na wapi pa kumpa mtu mwingine pedi ya kuchezea. Watengenezaji wake, CD Projekt Red, wakaongeza onyo ndani ya gemu, kisha wakarekebisha mwanga wenyewe. Na malipo yake? Kuna watu walimtumia video za kumetameta makusudi ili aanguke tena. Huo ni ukatili, na siwezi kuutaja hapa bila kuulaani.

Msimamo wangu ni huu: kasoro haielezeki kwa kupunguza nusu alama. Mhakiki aseme inatokea wapi, inamkuta nani, na kama inakwepeka. Akishafanya hivyo, mimi ndiye nitakayejua kama inanihusu. Kwa mtu asiye na kifafa braindance ni burudani tupu. Kwa mwenye kifafa ni hatari ya kiafya. Namba gani moja itawafaa wote wawili?

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakuheshimu lakini nakupinga. Kueleza bila kupunguza ni njia rahisi sana ya kumlinda mtengenezaji. Nimesoma rivyu ngapi ambazo mwandishi anasema gemu linakwama, sauti zinapotea, wahusika wanazama kwenye ukuta, halafu mwisho anatoa 9? Hapo amejieleza vizuri tu, kasoro zote kazitaja, lakini zimekosa uzito. Alama ndiyo inayomlazimisha mhakiki atuambie kasoro hizo zimemgharimu kiasi gani.

Halafu wasomaji wanaitaka. Tovuti ya Eurogamer waliacha alama mwaka 2015, wakawa wanaandika "epuka", "inapendekezwa" na "ni lazima". Mwaka 2023 wakarudi, safari hii na nyota tano. Wasingerudi kama maneno peke yake yangetosha.

Na kwenye hiyo hiyo Cyberpunk, waliowapotosha watu ni wahakiki walioona hitilafu wakaziita za kupita. Kallie Plagge wa GameSpot alitoa 7, akazitaja hitilafu na akasema dunia ya gemu ameiona haina kina. Alitukanwa wiki nzima. Huyo huyo ndiye aliyeandika ile rivyu ya Pokémon unayoitetea. Maelezo yake yalikuwepo mara zote mbili, ila alama ndiyo iliyotikisa watu. Bila ile 7, nani angesimama kusikiliza?

Mchangiaji wa 2

Mleta mada umegusa penyewe, ila umesahau sisi huku.

Gran Turismo 7, gemu la mbio za magari, ilipotoka Machi 2022 wahakiki walisema, kwa mstari mmoja au miwili, kwamba sehemu kubwa ya gemu inataka intaneti hata ukicheza peke yako. Wakapita. Kwa mtu mwenye nyaya za intaneti zimemfikia sebuleni, huo ni mstari mmoja kweli. Mimi natumia bando la simu, nafungua hotspoti ndiyo PlayStation iingie mtandaoni. Bando likiisha saa nne usiku, magari niliyoyahangaikia siyaoni.

Wiki mbili tu baada ya kutoka, sasisho likaleta hitilafu na seva zikafungwa kwa zaidi ya saa 30. Dunia nzima ikaonja: mtu amenunua gemu kwa pesa kamili, hana pa kulichezea. Ndipo wengi wakaanza kuandika kuhusu intaneti kama kasoro kubwa. Kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa haijawafika wenyewe.

Na ukubwa je? Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilivuka GB 200 kwenye kompyuta baada ya masasisho. Hilo huku si jambo la pembeni, ni bajeti ya nyumba. Unanunua diski iliyokwisha kutumika kwa bei nzuri, unaitia kwenye mashine, inakuambia pakua kwanza. Nitajieni rivyu inayosema bila kuficha: ukinunua diski hii na huna intaneti, utapata hiki na utakosa kile. Mimi hiyo ndiyo ningeilipia kuisoma.

Mchangiaji wa 3

Naomba niongeze upande wa pesa, maana mnawazungumzia wahakiki kama vile wanakaa peke yao.

Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann aliondolewa GameSpot muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch alama 6, wakati matangazo ya gemu hilo yametanda kwenye tovuti hiyo hiyo. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alieleza kwamba shinikizo la watangazaji lilikuwepo. Kwa hiyo mkiona lugha ya kuzungukazunguka kwenye sehemu ya mabaya, si kila mara ni ukosefu wa ustadi.

Kuna na upande wa pili wa alama, ambao Mchangiaji wa 1 hajaugusa. Studio ya Obsidian walipotengeneza Fallout: New Vegas, bonasi yao ilifungwa kwenye wastani wa 85 wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kuzipigia wastani kati ya 100. Walipata 84. Gemu lile lilitoka mwaka 2010 likiwa na hitilafu nyingi, na kupunguziwa alama lilistahili. Lakini fikirieni: mhakiki mmoja anapunguza nusu alama kwa sababu ya kukwama kwa gemu ambako kunarekebishwa baada ya mwezi, na ile namba inabaki pale pale milele, na wafanyakazi wanakosa haki yao. Maelezo yanaweza kusema "kwa sasa". Namba haisemi hivyo.

Mchangiaji wa 1

Namba inaweza kubadilishwa, ndugu. Tovuti ya Polygon walifanya hivyo mwaka 2013 kwa SimCity, gemu la kujenga miji lililohitaji intaneti. Walianza na 9.5. Gemu likatoka, seva zikalemewa, watu wakashindwa kuingia kwenye miji yao. Wakashusha mpaka 8, kisha 4, baadaye wakapandisha 6.5. Walisemwa sana, lakini kila mara namba iliendana na hali ya mnunuzi wa siku ile.

Mleta mada

Nashukuru sana, hasa Mchangiaji wa 2. Ulichosema kuhusu diski na bando ndicho nilichokuwa natafuta maneno yake.

Mchangiaji wa 1, hilo la SimCity naliona kinyume na wewe. Ile 9.5 ilitolewa na mtu aliyecheza kabla ya umma kuingia, seva zikiwa hazina watu. Gemu lilikuwa lile lile. Alichokosa ni kumwambia msomaji: "nimelicheza katika hali ambayo wewe hutaipata." Sentensi hiyo moja ingefanya kazi kubwa kuliko kubadilisha namba mara tatu, kwa sababu ingemfikia mtu kabla hajalipa. Aliyenunua kwa kuamini 9.5 hakufaidika chochote na ile 4.

Ndiyo hayo hayo yaliyotokea kwa Cyberpunk. Kabla ya kutoka, wahakiki walipewa nakala ya kompyuta tu, na mwanzoni walikatazwa hata kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Wapo waliolieleza hilo wazi, wapo waliolitaja kwa kupita. Wenye PS4 (PlayStation 4) wakanunua kwa kuangalia alama ya kompyuta, kumbe kwao lilikuwa bovu zaidi. Leo Metacritic inaonyesha 86 kwa kompyuta na 57 kwa PS4, jina ni lile lile la gemu. Sony, wenye PlayStation, waliliondoa dukani kwao ndani ya siku chache na kurudisha watu pesa, likarudi Juni 2021.

Na msisahau Crash Team Racing Nitro-Fueled ya 2019. Ilihakikiwa Juni ikiwa haina manunuzi ya pesa halisi ndani yake. Agosti yakaongezwa. Hapo mhakiki hana kosa, lakini rivyu za Juni bado zinasomwa na mtu anayetaka kumnunulia mwanawe leo.

Kuhusu yule anayetoa 9 baada ya kutaja hitilafu kumi, nakubaliana nawe kwamba hajatimiza kazi. Ila naona kosa lake liko kwenye maelezo. Anatuambia gemu linakwama. Hatuambii kama lilikwama mara moja kwa usiku au kila baada ya nusu saa, na kama lilipokwama alipoteza alichokuwa amekifanya au lilijihifadhi lenyewe. Angeyasema hayo, ile 9 ingeonekana wazi kuwa haistahili, hata na yeye mwenyewe angeiona kabla hajaiweka.

Swali langu kwako, na kwa mwingine yeyote mwenye mawazo kama yako: ungekuwa na PS4 ile Desemba, na umepewa kuchagua kimoja tu, ile 7 ya GameSpot bila maandishi, au sentensi moja isemayo "hatujaliona kwenye PS4, subiri kwanza", ungechukua kipi?