Filimbi inakataa noti za chini: je, ni lazima nibadilishe pedi zote?

Muulizaji
Ndugu zangu, naomba ushauri. Filimbi yangu ya chuma, ile ya kushikwa mlalo, inalia vizuri katika noti za kati na za juu, lakini kuanzia fa ya chini kushuka hadi do sauti hudhoofika au huruka oktavu (yaani noti ile ile hulia kwa sauti ya juu zaidi), isipokuwa nikibonyeza vitufe kwa nguvu. Fundi mmoja anasema pedi zote, yaani vifuniko laini vilivyo chini ya vitufe vya kuziba matundu, zimekwisha. Mwingine anashuku kizibo cha kichwani, kile kilicho ndani ya ncha iliyo upande wa tundu la kupulizia. Nianzie wapi?

Mpulizaji Mkongwe
Kizibo hupimwa kwa dakika moja. Ingiza kijiti cha kusafishia hadi kiguse kizibo. Mstari uliochongwa kwenye kijiti ukitokea katikati ya tundu la kupulizia, yaani milimita 17 hivi kutoka kwenye kizibo, kiache kilivyo. Hata hivyo, kizibo kilichohama huvuruga hasa upatanifu wa oktavu, na hakiponi kwa kubonyeza vitufe. Sauti inayorudi ukikaza vidole inaonyesha kwamba upepo unavuja.

Fundi wa Ala
Nakubaliana naye, ila usiyachunguze matundu ya chini peke yake. Noti ya chini huhitaji bomba lizibwe kuanzia juu hadi huko chini, kwa hiyo pedi inayovuja karibu na kichwa huiua do ya chini ilhali noti za juu yake hazijali. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara, uweke chini ya pedi, funga kitufe kwa uzito wa kawaida wa kidole, kisha uvute taratibu, ukirudia pande zote za pedi. Palipo na uvujaji, karatasi huteleza bila kushikwa. Wengi husahau vitufe vinavyofungwa na springi zenyewe: vile viwili vidogo vya kutetemesha sauti, na cha so shapu kinachofunguliwa kwa kidole kidogo cha kushoto. Hivyo vipime bila kuvigusa.

Mwalimu wa Bendi
Naongeza tahadhari moja: usikaze skrubu za marekebisho kabla ya kipimo hicho, kwa kuwa kitufe kimoja hufunga kingine, na kinachozidi kushuka humzuia mwenzake kufika. Maungio ya chuma yafutwe tu kwa kitambaa kikavu; grisi ni ya filimbi ambazo maungio yake yamevishwa koki, ile gamba laini la mti kama la vizibo vya chupa. Kitambaa chenye unyevu nacho kisifungiwe ndani ya sanduku, maana utando wa pedi huvimba kisha hupasuka.

Muulizaji
Nashukuru. Kizibo kiko sawa. Karatasi imeshikwa kila mahali isipokuwa kwenye so shapu, ambako utando umechanika ukingoni. Je, naweza kubandika pedi mpya mwenyewe?

Fundi wa Ala
Mwachie fundi, lakini mwambie ni hiyo moja tu. Pedi hiyo husawazishwa ili ilale sawasawa juu ya tundu, na aikague springi yake pia kabla ya kukurudishia.