Harusi yenye rangi nyingi ndani ya ghala la zamani la mkonge: tulipambe vipi?

BintiMkonge:
Habari zenu wanajamvi. Mimi na mwenzangu tunatarajia kufunga ndoa mwezi wa Agosti hapa Tanga, na kwa ajili ya karamu tumekubaliwa kutumia ghala la zamani ambamo marobota ya mkonge yalikuwa yakihifadhiwa kabla ya kupelekwa bandarini. Kuta zake ni za matofali yasiyopigwa lipu, paa ni la mabati juu ya vyuma vilivyo wazi, na sakafu ni ya saruji yenye madoa ya mafuta. Tumelichagua makusudi, kwa kuwa babu yangu alifunga marobota kwa zaidi ya miaka 20, na mshahara huo ndio uliomsomesha mama. Kamati ya harusi, hata hivyo, inataka kuta zote zifunikwe kwa vitambaa vyeupe na vya dhahabu ili pafanane na ukumbi wa kawaida. Sisi tunapenda rangi nyingi, na tunatamani kila mgeni atambue kwamba amefika kwenye harusi yetu. Wageni watakuwa 180. Naombeni ushauri.

Mpambaji wa Chumbageni:
Hongera sana, mdogo wangu. Ushauri wangu ni kwamba kuta zisifunikwe. Kitambaa cheupe kikitandazwa kwenye ukuta mrefu kiasi hicho huonyesha kila vumbi na kila mkunjo, na fedha nyingi zitaishia kuficha kile kile mlichokipenda. Afadhali rangi ziwekwe mahali pachache lakini kwa wingi: mlangoni, kwenye meza za chakula, na hasa nyuma ya meza kuu.

Hapo nyuma ya meza kuu ningetundika kanga za kuazima kutoka kwa mama, mashangazi na mabibi wa pande zote mbili. Kipande kimoja kina urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1, kwa hiyo ukuta wa mita 6 kwa mita 3 unahitaji vipande 12, yaani doti 6 tu. Vitundikwe kwa mlalo ili jina la kila kanga lisomeke, vishikwe kwa vibanio badala ya misumari, na katikati kiwekwe kisutu, kwa sababu wekundu, weusi na weupe wake ndio aliovishwa bibi harusi wa Pwani tangu enzi za mabibi zetu. Tafadhali someni kila jina kabla ya kutundika: kanga nyingi zilizomo makabatini zilinunuliwa kwa ajili ya kumjibu mtu, na si vyema kijembe cha zamani kikae juu ya vichwa vya wakwe.

Singa za mkonge, yaani nyuzi zake, nazo hupokea rangi vizuri. Zitieni rangi ya waridi, manjano na kijani, zisokotwe kamba, kisha zizungushwe kwenye nguzo. Meza zinaweza kupewa majina ya kazi aliyoifahamu babu: Shamba, Korona (mashine ya kutoa singa kwenye majani), Brashi (mashine ya kusafisha singa), Robota.

Fundi Sauti:
Naunga mkono, ila singa kavu hushika moto upesi sana. Vyetezo vya udi na mishumaa vikae mbali nazo, mitungi ya kuzimia moto iwepo, na milango yote miwili ibaki wazi bila pambo lolote. Kuhusu sauti, matofali na mabati huleta mwangwi mkubwa. Spika ndogo kadhaa zilizosambazwa, zikielekezwa kwa wageni, zitasikika vizuri kuliko mbili kubwa zilizowekwa mbele, na mikeka minene ya ukindu iliyoning'inizwa kwenye ukuta wa nyuma itapunguza mwangwi huku ikiongeza rangi. Anzeni baada ya saa kumi na moja jioni, kwa maana kabla ya hapo mabati huwa bado yanatoa joto la mchana.

BintiMkonge:
Nawashukuru sana. Mama amefungua sanduku lake leo na tayari tuna doti 4. Je, kamati tuishawishi namna gani?

Shangazi wa Pangani:
Mwanangu, usibishane nao kwa maneno. Pambeni kona moja wiki mbili kabla, kwa kanga tatu, nguzo moja na meza moja iliyotandikwa, kisha waalikeni jioni taa zikiwa zimewashwa. Wazee wengi hukataa jambo kwa kuwa hawajaliona. Na kama babu yupo hai, mwombeni asimamie ufungaji wa robota moja litakalokuwa meza ya keki. Robota kamili lina uzito wa kilo 250, kwa hiyo liwekwe mahali pake kabla viti havijapangwa, na kiti cha babu kiwe karibu nalo.