Maharagwe ya Nairobi na kikapu cha Mama Baraka

Kikundi cha simu: Majirani wa Ploti, mtaa wa Umoja, Nairobi

JUMANNE

Mama Shiro: Majirani hamjambo. Kuna mwenye gesi yake imeisha haraka mwezi huu ama ni mimi pekee? Nilijaza tarehe 3, leo ni 21, na moto umezimika maharagwe yakiwa bado mawe. Watoto wamelala na chai na mkate. Mtungi huu wa kilo 6 hunifikisha mwezi mzima.

Kevo: Pole sana Mama Shiro. Siku 18 ni kidogo mno.

Musyoka keateka (mtunza ploti): Pole mama. Ulipojaza ulipimiwa?

Mama Shiro: Hapana. Kijana wa pikipiki aliniletea mlangoni, nikampa 1,250 yake, nikafunga kichwa cha meko nikaendelea kupika.

Musyoka keateka: Basi kesho ukijaza usikubali hivyo. Angalia juu pale pa kushikia mtungi. Kuna namba imegongwa kwenye chuma au imeandikwa kwa rangi: ni uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Ongeza 6. Jumla hiyo ndiyo mizani inafaa kusoma, kichwa cha meko kikiwa kimetolewa. Pungufu ya hapo umeuziwa hewa.

Nyanya Akinyi: Asante Musyoka mwanangu. Mimi nimejaza gesi miaka hii yote na hiyo namba sijawahi kuiangalia.

JUMATANO

Mama Shiro: Musyoka Mungu akubariki. Nimejaza palepale, nikabeba mtungi moja kwa moja hadi kwa yule baba wa viazi hapo steji. Wangu umeandikwa 7.4, kwa hivyo ulipaswa kuwa 13.4. Mizani ikasoma 12.1. Tukapima tena, 12.1.

Baba Tunu: Kilo 1.3 haipo. Hiyo ni zaidi ya shilingi 270 kwa bei uliyolipa.

Mama Shiro: 270 ni unga wa siku mbili kwangu na nyingine inabaki. Nimerudi nao dukani, sikupiga kelele, nikamwambia tu twende mizani pamoja. Alinibadilishia bila neno. Huu wa pili umesoma 13.4 kamili. Kumbe anayo ya haki na anayo ya kupunja, inategemea nani anauliza.

Bi Zuhura: Subhanallah. Mama wa watu na watoto wake wadogo.

Kevo: Mimi nikijaza wikendi naenda na mizani ya nyama 😡

Mama Baraka: Umefanya vizuri kurudi Mama Shiro. Lakini nikuulize kitu na usinichukie. Jana maharagwe yalikaa motoni muda gani kabla gesi iishe?

Mama Shiro: Masaa mawili na nusu hivi. Sikuwa nimeyaloweka, nilitoka kazini nimechelewa.

Mama Baraka: Masaa mawili na nusu ya moto kwa sufuria moja. Na wewe hupika maharagwe au githeri mara ngapi kwa wiki?

Mama Shiro: Mara tatu. Ndicho chakula chetu.

Mama Baraka: Basi hata mtungi ukiwa wa haki, gesi yako inaliwa na maharagwe kuliko inavyoliwa na nyinyi.

Bi Zuhura: Wallahi hapo umesema. Mimi nilipohamia huku kwa mwanangu kutoka Mombasa nilidhani nimeuziwa maharagwe mabovu. Kwetu Majengo nayateleka asubuhi, nikifua nguo chache yashaiva. Hapa Nairobi nateleka, nafua, naanika, nasali adhuhuri, naja kuyabonyeza bado yana kiini. Nikabadilisha duka mara tatu.

Baba Tunu: Bi Zuhura, duka halina makosa. Ni mlima. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 kwa sababu mko usawa wa bahari. Nairobi tuko juu kama mita 1,700, hewa hapa ni nyepesi, kwa hivyo maji huanza kutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Hata uwashe moto mkubwa namna gani, hayapandi zaidi ya hapo, yanageuka mvuke tu. Maharagwe yako yanapikwa kwa maji ya baridi kidogo kuliko ya kwenu, ndiyo maana yanachukua muda.

Bi Zuhura: Kumbe! Miaka minne namlaumu muuza duka.

Mama Shiro: Kwa hivyo nikifungua gesi yote sufuria ikaruka mfuniko sisaidii kitu?

Baba Tunu: Husaidii chochote. Ikishaanza kutokota, moto mdogo na moto mkubwa ni joto lilelile ndani ya sufuria. Tofauti ni gesi unayochoma na maji unayoongeza kila mara. Punguza hadi yanatokota polepole, funika. Sufuria ya presha ndiyo pekee inayopandisha joto kupita hapo, kwa sababu inafungia mvuke ndani, ila najua bei yake.

Mama Baraka: Bei yake ni karo ya mtoto. Sasa ngojeni niwaambie ninachofanya mimi tangu mwaka juzi. Natuma picha.

Mama Baraka: 📷 Picha

Nyanya Akinyi: Hicho ni kikapu cha sokoni umekivisha leso?

Mama Baraka: Ndiyo nyanya. Kikapu kikubwa nilitoa soko la Gikomba. Ndani nimejaza vipande vya sponji, vile fundi wa makochi hutupa, nikavibana hadi unene wa mkono, pembeni na chini. Juu yake nimeshonea leso kuukuu. Halafu kuna mto mnene wa kufunikia, huo nao ni sponji ndani ya leso. Sufuria lazima iingie ikibanwa, isiwe na nafasi ya kucheza, na iwe ya masikio mafupi. Kama huna sponji, blanketi kuukuu zinafanya kazi.

Kevo: Na stima inaingilia wapi?

Mama Baraka: Hakuna stima, hakuna moto. Maharagwe yakichemka vizuri unayaondoa jikoni na mfuniko wake hivyohivyo bila kufungua, unayaingiza kikapuni, unafunika mto, unaenda zako. Joto halina pa kutokea, kwa hivyo linaendelea kupika. Mchele nao ukichemka dakika tano tu unamalizikia humo.

Mama Shiro: Maharagwe unayachemsha dakika ngapi kabla?

Mama Baraka: Hapa nisomeni wote vizuri. Kwanza loweka usiku mzima, asubuhi mwaga yale maji, osha, weka mapya. Kisha yatokote kwa nguvu nusu saa kamili tangu povu la kwanza. Msikate hiyo nusu saa. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kutokota kwa nguvu peke yake. Ukiyapasha uvuguvugu na kuyafungia kikapuni mabichi, tumbo litawaendesha nyumba nzima na kutapika juu. Joto dogo haliiui, linaweza hata kuifanya kali zaidi.

Baba Tunu: Ni kweli. Vitabu vinasema dakika kumi za kutokota zinatosha, lakini kwa huu mlima wetu nusu saa ni busara.

Mama Baraka: Nusu saa ya moto, masaa manne ya kikapu. Ukifungua yakiwa hayajalegea sawasawa, rudisha jikoni dakika kumi, rudisha kikapuni. Na usiyaache humo mpaka kesho yake. Kikapu kikipoa kinakuwa kitanda cha vijidudu.

Bi Zuhura: Mimi nilikuwa natia magadi kidogo kulainisha.

Mama Baraka: Inalainisha mama, lakini inaua ile vitamini B1. Kuloweka kunatosha. Na uliza duka kama maharagwe ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka hayalegei hata ukiyapigia magoti.

Musyoka keateka: Kuna mtu wa nyumba 6 aliniambia anarudia makaa akifungia jiko ndani kwa sababu ya baridi. Naomba nisisikie hivyo. Moshi wa makaa usioonekana unaua usingizini. Jiko liwashwe nje au mlango na dirisha vikiwa wazi, na lisilale ndani ya nyumba hata likiwa majivu.

Nyanya Akinyi: Asante kwa kusema hilo.

JUMAPILI

Mama Shiro: Nimeazima kikapu cha Mama Baraka tangu asubuhi. Nililoweka jana kilo moja ya maharagwe aina ya nyayo. Saa moja na nusu nikayateleka, saa mbili yakaanza kutokota, saa mbili na nusu nikazima. Nikayafunga. Nikaenda kanisani. Nawaambia nilikaa ibadani nikiwaza sufuria.

Mama Shiro: Sasa ni saa saba kasoro. Nimetoa mto, leso ya chini ina unyevu wa mvuke. Nimeshika mfuniko kwa mkono nikauachilia, bado unaunguza! Nimechukua punje moja katikati ya vidole viwili nikabonyeza, imefunguka kama ndizi iliyoiva. Ganda halijapasuka, ila ndani ni laini mpaka mwisho. Mchuzi umekuwa mzito wenyewe.

Mama Shiro: Shiro amekula sahani mbili.

Bi Zuhura: Alhamdulillah! Na gesi?

Mama Shiro: Saa nzima pamoja na kuchemsha maji. Jumanne ilikuwa masaa mawili na nusu na bado sikula.

Kevo: Mimi nimetoka kumwona fundi wa makochi. Sponji ananipa bure gunia zima mradi nizoe. Nani anataka? Kila nyumba ije na kikapu chake.

Nyanya Akinyi: Niwekee Kevo. Vidole vyangu havishoni siku hizi, nitampa Mama Baraka leso.

Mama Baraka: Leta nyanya, nitashona jioni.

Kevo: Sasa mkiwa hapa. Mbona tokeni yangu ya stima ya 500 inaleta yuniti chache kuliko ya binamu yangu wa Kayole? Sisi sote tuna taa na simu tu.

Baba Tunu: Yeye ana mita yake. Tangu Aprili 2023 nyumba zimegawanywa kwa matumizi: hadi yuniti 30 kwa mwezi bei ya chini, 31 hadi 100 ya kati, zaidi ya 100 ya juu. Wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Sisi nyumba nne tunashiriki mita moja, kwa hivyo mbele ya kampuni sisi ni mtu mmoja anayetumia sana. Hata kila mmoja akitumia 28, jumla ni 112.

Kevo: Ahaa. Tunalipa bei ya tajiri.

Musyoka keateka: Hilo nitampelekea landilodi mwisho wa mwezi. Nikienda peke yangu atanisukuma, mkiandika majina manne na sahihi atasikiliza. Kila nyumba iwe na mita yake.

Baba Tunu: Naandika leo usiku. Nitapitisha karatasi kila mlango.

Mama Shiro: Jambo langu la mwisho leo. Dukani hapa nanunua maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na bei mnaijua. Jumamosi nina siku ya mapumziko, naweza kwenda Nyamakima kwa wauza nafaka. Gunia la kilo 90 tukigawana nyumba sita ni kilo 15 kila nyumba. Nitauliza ya msimu huu, na nitayapima kwa mizani nikiangalia kwa macho yangu.

Bi Zuhura: Mimi niandikie kilo 10, sina kinywa kingi.

Nyanya Akinyi: Hizo tano anazoacha Bi Zuhura nichukue mimi, wajukuu wanakuja Agosti.

Mama Baraka: 15.

Baba Tunu: 15. Na gari ya kubebea nitaongea na jirani wa mkokoteni hapo steji, tuchange.

Kevo: Mimi naishi pekee yangu, nigawane yangu na Musyoka?

Musyoka keateka: Sawa kijana. Nusu kwa nusu.

Mama Shiro: Pamoja na yangu hayo ni mafungu matano ya kilo 15, tunatafuta la sita. Mama Baraka, kikapu chako nakurudishia kesho asubuhi au?

Mama Baraka: Kaa nacho mpaka Alhamisi, nimepika tayari. Ila Alhamisi naomba, nitakuwa na njahi, yale maharagwe meusi, zimelowa.