Mrejesho: masharti ya afya kwa mgahawa wangu Kinondoni

Wakuu, niliuliza nifanyeje kwenda na masharti ya afya ya manispaa, maana kila mkaguzi alikuwa anakuja na lake. Asanteni sana mliojibu.

Aliyesema nimfuate bwana afya ofisini kabla hajanifuata, ubarikiwe. Nilikwenda na daftari, akanitajia sharti moja moja, nikaandika, akasaini. Akija mwingine namfungulia ukurasa. Hata suala la TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) likaeleweka: tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango.

Vyeti vya kupima afya vya wapishi na wahudumu, vya kila miezi 6, viko ukutani, tarehe ya kuisha imezungushiwa wino mwekundu.

Kilichonigusa zaidi ni joto la chakula. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana haraka, kwa hiyo supu ya asubuhi haiepuliwi tena. Makaa yanabaki chini ya sufuria, na kipimajoto kikikaribia 60 mpishi anachochea. Wateja wanakula salama, nami nalala.

Bado chemba ya kunasa mafuta kwenye mtaro. Mwenye nyumba amekubali tugawane gharama, fundi anaanza Jumatatu.