Naomba ushauri: matairi ya kushika lami vizuri kwa WRX, Likasi kila wiki na Kyalami mwezi wa saba

Mwana wa Kampemba

Wakubwa zangu, habari za leo. Ninaendesha Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, yenye matairi ya 215/45R17, na karibu kila wiki kazi hunitoa Lubumbashi kwenda Likasi na kurudi, yaani kilomita 240 hivi. Mwezi wa saba tunakusudia kwenda watu watatu Afrika Kusini, kila mmoja na gari lake, ili tuendeshe siku mbili kwenye uwanja wa mbio za magari wa Kyalami. Natafuta aina moja ya tairi itakayonifaa huku na huko.

Kinachonifanya niulize ni jambo lililonipata mwezi wa pili. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, lori la shaba likapunguza mwendo ghafla mbele yangu, nami nilipokanyaga breki gari likateleza moja kwa moja mpaka nikalitupa pembeni kwenye udongo. Sikuumia wala sikumgonga mtu. Nilipochuchumaa kulitazama tairi la mbele, nilikuta kashata, yaani meno ya tairi, bado ndefu, ila ubavuni palikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na nilipoukandamiza mpira kwa ukucha haukubonyea hata kidogo. Matairi hayo nilikuwa nimeyanunua miezi mitano tu kabla, na muuzaji aliniapia kwamba ni mapya.

Fundi wa Katuba

Pole sana, mdogo wangu, na tumshukuru Mungu kwa kuwa umetoka salama. Kabla ya kuuliza jina la kampuni, uliza umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna nambari nne: 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka na kuwa mgumu hata tairi likiwa limelala ghalani bila kugusa barabara, kwa hiyo kashata ndefu hazithibitishi kwamba tairi ni jipya. Binafsi sifungi tairi lililozidi miaka mitano kwenye gari la mwendo mkali, hata nikipewa bure.

Halafu tazama nambari iliyo karibu na neno TREADWEAR. Matairi ya safari za kawaida huwa na 400 au zaidi. Ya mwendo mkali barabarani, kama Michelin Pilot Sport 4, huwa na 300 na kitu. Yale yaliyokaribia ya mashindano, kama Yokohama Advan A052 au Bridgestone Potenza RE-71RS, yana 200. Kwa kawaida nambari ikiwa ndogo mpira ni laini, hushika zaidi na huisha upesi. Usiitumie kama mizani kamili kati ya kampuni mbili, maana kila kampuni huyapima na kuyapa nambari matairi yake yenyewe.

Kwa njia ya Likasi ningechukua ya 300. Yale ya 200 mara nyingi yana mifereji michache na ya kina kifupi, na maji yakituama barabarani, kama yanavyotuama kwetu kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, gari huanza kuelea juu ya maji mapema. Tena njia hiyo ina watoto wa shule na watu wanaosukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala. Tairi zuri pale ni kwa ajili ya kusimama kwa wakati.

Mwana wa Kampemba

Asante sana, yaya. Je, nikifunga mawili laini mbele na kuyaacha ya zamani nyuma ili kupunguza gharama?

Fundi wa Katuba

Hapana, tafadhali. Gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi yakitofautiana mzunguko, difu ya katikati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na mwishowe huharibika. Zaidi ya hapo, nyuma ikiwa na mpira mgumu kuliko mbele, kwenye kona yenye maji ni nyuma itakayotangulia kuteleza. Nunua manne ya aina moja, au subiri upate fedha.

Dereva wa Ruashi

Nimekwisha kuendesha Kyalami, naomba nami niongeze. Uwanja ule una urefu wa kilomita 4.5, na una miteremko ambapo tairi la mbele hubeba mzigo mkubwa wakati wa breki. Ukifika na matairi ya 300 yenye afya, siku mbili zitakutosha kujifunza, na utayasikia yakilia kabla ya kuachia, jambo ambalo kwa anayeanza ni msaada mkubwa. Ukitaka ya 200, yabebe ndani ya gari yakiwa kwenye rimu zake, kwa sababu safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kupitia mpaka wa Kasumbalesa na Zambia itayamaliza katikati huku mabega, yaani kingo za tairi, hayajaguswa.

Presha ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilianza asubuhi na bar 2.3 matairi yakiwa baridi, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, na baada ya mizunguko mitano kipimo kilionyesha 2.8, gari likawa linateleza kama limepakwa sabuni. Nilipunguza mpaka yakasoma 2.4 yakiwa ya moto, na mshiko ukarudi. Nunua kipimo chako mwenyewe, pima mara tu unapotoka uwanjani, na jioni uyajaze tena kabla ya kushika barabara. Badilisha pia mafuta ya breki kabla ya kuondoka, maana yakichemka hakuna tairi litakalokuokoa.

Mwana wa Kampemba

Nimeelewa. Jumamosi nitakwenda kununua manne ya 300. Ila kwenye tairi moja nililooneshwa jana sikuona nambari nne za wiki na mwaka.

Fundi wa Katuba

Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Mwombe muuzaji aligeuze, na akikataa, ondoka.