John Dickinson si msaliti: nimechoshwa na makala zinazomchafua

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie. Kila inapoandikwa makala kuhusu Mapinduzi ya Marekani, John Dickinson hupewa mstari mmoja tu: tajiri mwoga aliyelikataa Azimio la Uhuru. Juzi makala ya namna hiyo ilizungushwa katika kundi letu la walimu wa historia, na hakuna hata mmoja aliyehoji.

Huyo anayeitwa mwoga ndiye aliyechapisha magazetini, kati ya 1767 na 1768, barua 12 kwa jina la mkulima wa Pennsylvania, akieleza kwa hoja za kisheria kwa nini Bunge la Uingereza halikuwa na haki ya kujichumia mapato kwa kutoza ushuru wa chai, karatasi, rangi na vioo vilivyoingizwa makoloni. Wakati huo Thomas Jefferson, aliyekuja kuandika Azimio la Uhuru, alikuwa kijana wa miaka 24, asiyejulikana nje ya Virginia.

Tarehe 1 Julai 1776 Dickinson alisimama mbele ya wajumbe wenzake wa Kongresi ya makoloni huko Philadelphia, akijua fika kwamba maneno yake yangemwondolea heshima aliyoijenga kwa miaka. Hakusema uhuru ni kosa. Alisema wakati wake haujafika, kwa kuwa makoloni hayakuwa na mkataba wa muungano wala mshirika wa nje kama Ufaransa, na kuutangaza katika hali hiyo ni kuikabili dhoruba kwa mtumbwi wa karatasi. Mimi mwenyewe naona alikosea kupima wakati, lakini tangu lini kukosea makadirio kukawa usaliti? Kesho yake yeye na Robert Morris hawakushiriki kura, na wajumbe watano wa Pennsylvania waliobaki wakaupitisha uhuru kwa kura tatu dhidi ya mbili. Wangeingia wote wawili wakapinga, jimbo lao lingekataa. Mbona hilo haliandikwi?

Haikupita hata miezi miwili, akiwa kanali, aliongoza kikosi cha wanamgambo kwenda Elizabethtown, New Jersey, huku wengi wa waliotia saini Azimio wakibaki vitini mwao. Mwaka 1777 Waingereza waliichoma moto nyumba yake ya Fairhill. Msaliti gani huyo anayechomewa nyumba na adui?

Halafu kuna suala la watumwa, ambalo waandishi wetu hulikwepa kabisa. Dickinson alianza kuwaachia huru wake mwaka 1777 kwa masharti, na kufikia 1786 akayaondoa masharti hayo. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alifariki mwaka 1826 akiwa bado anamiliki watu zaidi ya 100.

Na Dickinson alipofariki mwaka 1808, Jefferson huyohuyo, akiwa rais, aliandika kwamba hakuna mzalendo wa kweli kumzidi ambaye wangeweza kumpoteza. Mwandishi wa makala ile, kama unasoma hapa, nakuomba uufute mstari wako na uandike upya.