Nimealikwa pabu ya Lewes Ijumaa: hii pombe ya kienyeji ya Waingereza inanywewaje?

Mtoto_wa_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Niko Falmer, pembeni ya Brighton, nasoma uzamili. Ijumaa wenzangu wa maabara pamoja na profesa wetu wananipeleka Lewes, kituo kinachofuata tu kwa treni, kwenye pabu ya zamani inayouza bia za hapo hapo mjini, zile za kuvutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa.

Nauliza mapema kwa sababu nilishaaibika. Mwezi uliopita niliingia pabu moja, jina nalihifadhi, nikakaa mezani kama niko Mwanza, nikasubiri mhudumu. Dakika 25! Nimesoma menyu mpaka nimeikariri. Mzee mmoja mwenye mbwa ndiye aliyenihurumia, akaniambia hapa unajifuatia mwenyewe kaunta. Nikaenda, nikanyooshea kidole mpini wa kwanza wa kuvutia bia, nikapewa kitu cha rangi ya chai ya rangi, hakina baridi, hakina gesi. Nikajua friji imekufa. Nikanywa nusu, nikaaga.

Sasa mbele ya profesa sitaki vituko. Naagizaje? Nani analipa? Na ile bia ndivyo ilivyo au niliuziwa mbovu?

Kibosho_Juu

Mdogo wangu, pole, ila umenichekesha. Nimekaa Sussex miaka 14, mitatu nikiwa Lewes kwenyewe, ngoja nikupe darasa.

Friji haikuwa imekufa. Ile ni eli (ale) ya pipa, na inatakiwa kuwa na ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi, nyuzi 11 mpaka 13 hivi. Haichemshwi kuua hamira wala haichujwi kama bia ya chupa. Ikitoka kiwandani hamira bado iko hai ndani ya pipa, inaendelea kufanya kazi mpaka siku ya kuuzwa. Gesi yake ni hiyo hiyo inayojitengenezea, haiongezwi nyingine. Mimi nilikuja kuielewa siku nilipoacha kuifananisha na bia ya Safari nikaifananisha na mbege ya mama yangu kule Kibosho, pombe yetu ya ndizi. Mbege nayo iko hai: leo tamu, kesho kali, keshokutwa unampa mgeni usiyempenda. Sisi tunatia gome la msesewe ipate uchungu, wao wanatia maua ya hopsi. Sisi kimea cha ulezi, wao cha shayiri. Tofauti ni ndizi na kata.

Na kama mbege, pipa likishafunguliwa halina muda. La kawaida lina painti 72 (painti moja ni mililita 568) na linatakiwa liishe ndani ya siku tatu, nne. Kwa hiyo ukionja ukasikia siki, rudisha kwa upole, utabadilishiwa bila ugomvi. Hata kabla hujanunua, omba kionjo, wana vigilasi vyake.

Kaunta hakuna foleni unayoiona, ila ipo. Anayehudumia anajua nani alitangulia, na wewe jua aliyekutangulia. Usipunge noti, usipige mluzi, usiite "oya". Kila mpini una kibao chenye jina la bia. Kibao kikigeuzwa mgongo, hiyo imeisha. Unalipa hapo hapo. Bakshishi hawadai. Kulipa ni kwa raundi: mmoja ananunulia kundi zima, kisha mwingine. Usisubiri uwe wa mwisho wakati wenzako wameshaanza kuvaa makoti, watakumbuka. Kama painti nzima ni nyingi kwako, agiza nusu. Hakuna wa kukucheka.

Lewes ukiambiwa bia ni Harvey's. Kampuni ni ya tangu 1790, kiwanda kipo mtoni, karibu na daraja la Cliffe, na wenyeji wanakitania kuwa ndiyo kanisa kuu la mji. Anza na Sussex Best, asilimia 4, haitakuangusha. Usiidharau mbele ya watu. Desemba 2006 wenye pabu ya Lewes Arms, kampuni kubwa ya Greene King kutoka Suffolk, waliiondoa Harvey's wakabakiza bia zao. Wateja waligoma. Siku 133 wanasimama nje na vipeperushi, watu wazima na heshima zao, pabu tupu. Aprili 2007 Harvey's ikarudi. Mimi nilipohadithiwa nikasema hawa wangeishi vizuri tu Kibosho.

Wewe wa Kirumba, kwenye soko la samaki, nikuache na hili. Unajua kinachoifanya ile bia ing'ae? Kwa desturi ni bondo la samaki, ule mfuko wake wa hewa wa tumboni. Linakaushwa, linayeyushwa kuwa kama utelezi, linatiwa ndani ya pipa. Hamira inanasa humo na kuzama chini. Viwanda vingine siku hizi vimeacha, ila ndiyo asili yake.

Bi_Mkunazini

Mie natoa upande wa tusiotumia pombe, maana wanangu wengi mnasoma humu. Nipo Leicester, nimekwenda pabu na wenzangu wa kazini mara nyingi, nakunywa soda ya maji na ndimu, na raundi yangu natoa ya juisi zangu na bia zao sitoi. Niliwaambia mapema, wakaelewa. Angalizo moja: vile vipakiti vya kutafuna vinavyoning'inia nyuma ya kaunta, soma kabla hujafungua. Kimoja ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

Mtoto_wa_Kirumba

Mabondo?! Kaka Kibosho, nyumbani bondo la sangara kwa kilo linaipita minofu kwa mbali, tunajua linakwenda China. Kumbe lina ukoo na bia! Bi Mkunazini, shikamoo, nimekusikia.

Mtoto_wa_Kirumba

Mrejesho, wakuu. Nimerudi salama.

Nilisimama kaunta, mama mmoja akaniruhusu nipite, nikamwambia yeye ndiye aliyetangulia. Profesa aliona. Sussex Best ya kwanza niliinywa polepole, na kweli, ukiacha kuitafutia baridi unaanza kusikia kimea, halafu uchungu unakuja nyuma kama wa kahawa. Raundi ya pili nikatoa mimi, watu watano, pauni 24 na chenji. Imeuma, ila nimelala vizuri.

Pembeni kuna mchezo wao, meza iliyofunikwa juu kwa bati la madini ya risasi, ina tundu katikati, unarusha visahani vinne vya shaba. Kikiingia pointi mbili, kikibaki juu moja. Nimepata moja, kingine kilimpiga mbwa.

Nimewasimulia ya mabondo, hawakuamini. Profesa anataka picha. Aliyeko Kirumba sasa hivi, hata ya simu, naomba.